Bipu Tatu kutoka Kimamba

Kilichoninyima usingizi usiku ule hakikuwa usaili wenyewe. Maswali ya usaili nilikuwa nimeshayajibu yote kichwani, pamoja na yale ambayo hakuna mtu angeyauliza. Nilikuwa macho kwa sababu ya jambo dogo zaidi: niende Dodoma kwa basi au kwa treni?

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu Jumatatu jioni. Usaili ni Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi, na chini yake sentensi moja: atakayechelewa hataruhusiwa kuingia. Kazi ilikuwa ya afisa mdogo katika ofisi inayoshughulika na nauli na ushindani wa vyombo vya usafiri. Mimi nimesoma uchumi. Tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho ilihusu ushindani kati ya mabasi na treni, na hitimisho lake, ambalo msimamizi wangu aliliita safi, lilisema kwamba wasafirishaji wakishindana, ucheleweshaji hupungua. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua namna ya kutoka Mikumi mpaka Dodoma, ni mimi.

Tatizo ni kwamba nilikuwa na historia. Mwaka uliotangulia niliitwa kwenye usaili mwingine, Dodoma hukohuko. Nilifika stendi ya Mikumi alfajiri. Basi la kwanza likaja. Tairi zake sikuzipenda. La pili lilikuwa na watu wachache, nikajua litasimama kila kijiji kutafuta abiria. La tatu lilijaa mno, nikaogopa litashikwa kwenye mizani. La nne lilikuwa zuri, kwa hiyo nikajiuliza: kama la nne ni zuri namna hii, la tano litakuwaje? Hakukuwa na la tano. Nilirudi nyumbani saa saba mchana na begi langu, mama akalipokea na kuniambia, "Pole na safari."

Safari hii baba alikuwa ameshazungumza na mtu wa Ruhembe. Usaili ukinipita tena, Jumatatu inayofuata nakwenda kuandika majina ya vibarua kwenye mashamba ya miwa. Si kazi mbaya. Lakini baba alilisema kwa upole, na baba hasemi kwa upole mpaka awe amekata tamaa.

Nyumba yetu iko hatua chache kutoka reli ya zamani, ile iliyokuwa inatoka Kilosa kupita Mikumi kwenda Kidatu. Treni haipiti tena pale. Kuku wetu hutaga kati ya mataruma. Usiku ule niliiangalia kupitia dirishani mpaka macho yakauma, nikawaza kwamba ndiyo reli pekee ninayoijua isiyochelewa, kwa kuwa haijamwahidi mtu kitu.

Jumanne asubuhi nilikwenda stendi kwa mjomba. Mjomba, kaka yake mama, ni wakala wa tiketi za mabasi. Ana meza, mwavuli, na sauti ambayo wateja huisikia kabla hawajashuka kwenye bodaboda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeamua?"

"Bado nalinganisha."

"Unalinganisha nini? Basi lina usukani, treni haina. Dereva wa basi akiona ng'ombe anakwepa. Treni ikiona ng'ombe?"

"Inapiga honi."

"Na ng'ombe akiwa kiziwi?"

Swali la ng'ombe kiziwi lilinichukua muda. Mjomba alimkatia mteja mmoja tiketi ya Iringa na mwingine ya Ifakara, mimi bado nimesimama.

"Halafu," akaendelea, "basi likichelewa, una mtu wa kumtukana. Yupo mbele yako, ana shingo, unaiona. Treni ikichelewa utamtukana nani? Chuma?"

"Lakini mabasi ya Dodoma nayo siku hizi yanachelewa, mjomba."

"Yanachelewa kwa sababu ya treni!" Akapiga meza. "Tangu ile ya umeme ianze, abiria wa Dodoma wamepungua. Wakipungua, tunawasubiri wajae. Tukisubiri, wanaona tunachelewa, wanakimbilia kwenye treni. Wakikimbia, tunasubiri zaidi."

"Kwa hiyo ushindani umeongeza ucheleweshaji?"

"Ushindani siujui. Mimi najua kusubiri."

Nilihisi tasnifu yangu ikitoboka mahali. Nikatoa simu, nikampigia shangazi, dada yake baba, aliyeko Kilosa na anayeuza wali kwenye stesheni ya zamani tangu kabla sijazaliwa. Nilitaka mawazo ya upande wa pili. Kosa langu ni kuweka sauti ya nje.

"Muulize huyo mjomba wako," shangazi akasema, "basi lake lina choo?"

"Mwambie shangazi yako," mjomba akajibu kwa sauti ya kufika Kilosa bila simu, "choo cha treni yao ya zamani ukikaa unaona mataruma!"

"Bora mimi nayaona mataruma. Yeye anaona nini? Kichaka!"

"Kichaka kina hewa safi!"

Walitaniana hivyo mpaka salio langu likaisha. Wawili hao wamekuwa watani tangu wazazi wangu waoane, lakini siku ile kulikuwa na kitu zaidi ya utani. Kabla sijaondoka, mjomba alinipa siti namba moja, nyuma ya dereva, kwenye basi la Jumatano la kwenda Dodoma, bure, kama zawadi. Saa moja baadaye shangazi alipiga mwenyewe: ameshanikatia tiketi ya treni ya zamani, ile ya dizeli ambayo bado inapita Kilosa kwenda Dodoma, Jumatano hiyohiyo, naye hataki asante. Na mimi, ili nisionekane nimemchagua mmoja na kumkataa mwingine, nikajikatia ya treni ya umeme kwa simu.

Nikawa na tiketi tatu za siku moja. Nilijiita mtu mwenye tahadhari. Mama aliniita jina lingine.

Sikuthubutu kulisubiri basi pale stendi ya Mikumi, mahali niliposhindwa na mabasi manne. Niliamua kwenda Kilosa Jumanne hiyohiyo na kulala kwa shangazi. Nikiwa Kilosa nitakuwa karibu na treni zote mbili, na basi la mjomba, ambalo huzunguka kwa Morogoro, litapita Dumila jioni. Nikitaka, naweza kulikuta huko kwa bodaboda; mjomba nilimwambia hivyo. Nilichora ramani nyuma ya bahasha ya vyeti. Kilosa ilikuwa katikati ya kila kitu. Haikunijia kwamba katikati ya kila kitu ni mahali ambapo hakuna chombo hata kimoja kinachokupitia mlangoni.

Kilosa ina stesheni mbili. Mpya iko pembeni ya mji, ina vioo, na mtu huingia humo akijipangusa viatu. Ya zamani iko mjini, na mbele yake ndipo lilipo jiko la shangazi, masufuria mawili na benchi refu. Kwenye ubao wa stesheni ya zamani kuna saa zilizoandikwa, lakini sijawahi kumwona mtu wa Kilosa akizisoma. Mwenye kusafiri au kusindikiza mgeni hupita kwanza kwa shangazi na kuuliza, "Umeshaweka mchele?" Akiambiwa bado, anarudi nyumbani kuendelea na shughuli zake.

Mambo yako hivi. Wali ukiwahi kuiva, unapoa, na abiria wa dirishani hanunui wali wa baridi. Ukichelewa, treni inaondoka na njaa yake. Kwa hiyo shangazi ana mzee mmoja wa Kimamba, muuza miwa kando ya reli, ambaye humpa taarifa kwa kumbipu, maana bipu haina gharama. Bipu moja: treni imepita Kimamba, weka mchele. Bipu mbili: imepita kidogo ikasimama, uondoe. Katika miaka yote hiyo, shangazi ametupa wali mara chache kuliko vidole vya mkono mmoja.

"Na treni ya umeme?" nilimuuliza Jumatano asubuhi, tukichambua mchele.

"Ile haina faida, mwanangu. Inafika saa iliyosema. Mtu hapati hata nafasi ya kusikia njaa."

Niliandika sentensi hiyo kwenye bahasha.

Treni ya zamani ilikuwa imeandikwa saa nane mchana. Saa nane ilifika, Kimamba kimya. Saa tisa, kimya. Treni ya umeme ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Mtu wa kawaida angekwenda stesheni mpya saa kumi, akakaa kwenye kiti, akasubiri. Mimi nilianza kufikiri. Nikienda stesheni mpya mapema na umeme ukakatika, na wakati huohuo treni ya zamani ikafika huku, nitakuwa nimezikosa zote mbili kwa kuwahi. Umeme wa nyumbani kwetu hukatika mvua ikinyesha; wa treni nao si umeme? Isitoshe, maisha yangu yote saa iliyo kwenye tiketi imekuwa ni pambo. Saa ya kweli ni mchele.

"Shangazi," nikasema, "yule mzee wa Kimamba si anaiona na ile ya umeme?"

"Anaiona. Inapita kama radi."

"Basi mwambie akiiona abipu mara tatu. Nikisikia bipu tatu, nachukua bodaboda kwenda stesheni mpya."

Shangazi alinitazama kwa heshima ambayo watu wa ukoo wetu huwapa waliofika chuo kikuu. Akampigia mzee. Mzee akakubali. Habari ikasikika mpaka mwisho wa benchi, na mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa anakula wali wa mchana, naye akiwa na tiketi ya treni ya umeme, akasema, "Huo ni utaratibu mzuri," akaagiza chai akajinyoosha. Mama mmoja mwenye watoto wawili akavua viatu.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na kitu, simu ya shangazi ikalia mara moja ikakatika.

"Moja," akasema shangazi, akaushika mchele. "Ya zamani inakuja."

Tukasubiri. Mtandao wa Kimamba nao una mambo yake. Simu ikalia tena.

"Mbili." Akauweka mchele chini. "Ya zamani imesimama."

Mwalimu akanywa chai. Mimi nikaanza kuhesabu itasimama kwa muda gani. Kisha simu ikalia kwa mara ya tatu, na wakati huohuo kutoka upande wa stesheni mpya ikasikika honi.

"Tatu," akasema shangazi.

Tulitazamana. Dereva wa bodaboda niliyekuwa nimemweka tayari kando ya jiko alikuwa ameshawasha pikipiki, nikapanda. Hatukumaliza hata soko. Tuliiona kwa mbali, nyeupe, inaondoka bila kishindo, kama mtu mwenye adabu anayetoka msibani.

Niliporudi, benchi lilikuwa moto.

"Imeondokaje?" mwalimu alikuwa anauliza. "Sisi si tuko hapa?"

"Imekuja kwa wakati, mwalimu," akasema dereva wa bodaboda.

"Kwa wakati? Bila kutuambia?"

"Si ilikuambia kwenye tiketi?"

"Tiketi!" Mwalimu akamgeukia mama mwenye watoto. "Unasikia? Tiketi! Huu si ustaarabu."

Mama yule alikuwa anatafuta kiatu cha pili chini ya benchi. "Mimi najua kukosa treni iliyochelewa," akasema. "Kukosa iliyowahi ndiyo leo."

Nilikaa. Nilimwona baba akizungumza kwa upole. Niliyaona majina ya vibarua, mstari kwa mstari. Hapo simu yangu ikalia, namba nisiyoijua, na nyuma yake kelele za watu.

"Dada, wewe ndiye mpwa wa wakala wa Mikumi?"

"Ndiyo."

"Mimi konda. Mjomba wako katuomba tukusubiri hapa Dumila. Tunakusubiri. Uko wapi?"

"Kilosa."

"Kilosa sehemu gani?"

"Kwenye benchi."

"Hilo benchi linatembea?"

Nyuma yake watu walilipuka. "Mwambie apande ungo!" "Kama ni mbunge aseme, tumpigie king'ora!" Kisha sauti ya mama mtu mzima, ya chini, haikuwa ya utani: "Jamani, sisi tunawahi msiba Gairo. Wanatungoja sisi ndio wafanye kikao."

Kutoka Kilosa mpaka Dumila kwa bodaboda ni karibu saa nzima. Wangenisubiri, konda alisema wangenisubiri, siti namba moja ipo, mjomba keshasema. Nilifungua mdomo kumwambia, "Nipe dakika kumi nifikirie." Maneno yalikuwa tayari ulimini.

Katika tasnifu yangu kuna jedwali la vyanzo vya ucheleweshaji. Ubovu wa njia, mizani, kusubiri abiria. Nililifanyia kazi wiki tatu, na sikuwahi kuwaza kwamba kwenye safu ile ya mwisho kuna mtu, kwamba abiria anayesubiriwa ana jina na benchi na bahasha iliyochorwa ramani. Basi zima lilikuwa limezima injini kando ya barabara kwa sababu mimi nilikuwa nalinganisha. Wafiwa wa Gairo walikuwa wanachelewa kwa sababu ya ng'ombe kiziwi.

Simu ya shangazi, iliyokuwa juu ya mfuniko wa sufuria, ikalia mara moja ikakatika.

Benchi zima likaigeukia simu. Safari hii haikuwa ya umeme; ya umeme imeshapita. Bipu moja ni treni ya zamani inakuja. Bipu mbili ni imesimama, na ikisimama inaweza kusimama mpaka asubuhi. Shangazi alikuwa ameshika mchele hewani. Kati ya bipu ya kwanza na ya pili huwa kuna muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Mtu mwenye akili angesubiri nusu kikombe, ndipo aamue. Mimi ndiye mtu huyo. Nimekuwa mtu huyo maisha yangu yote.

"Kaka," nikamwambia konda, "ondokeni."

"Unasema?"

"Ondokeni. Msinisubiri."

"Una uhakika?"

"Sina. Ondokeni."

Nilisikia vigelegele, kisha injini, kisha hakuna kitu. Haikupita dakika mjomba akapiga.

"Naambiwa umeliachia basi."

"Ndiyo, mjomba. Nisamehe."

"Kakushauri nani? Huyo shangazi yako?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu?" Nadhani alikuwa anatafuta neno la kunikaripia, akakosa, kwa kuwa hakuwahi kunisikia nikimaliza jambo. "Haya. Safari njema. Usikae karibu na choo."

Nikageuka. Shangazi alikuwa amekwisha kuumimina mchele kwenye maji, wote. Simu yake ilikuwa imelala kifudifudi.

"Imelia tena?" nikauliza.

"Ilie isilie, mimi nimeshaweka."

Mpaka leo sijui kama palikuwa na bipu ya pili. Ninachojua ni kwamba hitimisho langu safi halikusema lolote kuhusu siku kama ile: treni iliyowahi iliniacha, basi lililonisubiri nililiachia, na pekee iliyobaki ni ile ambayo, kama ingefika saa nane mchana kama ilivyoandikwa, ingenipita nikiwa bado nalinganisha. Alhamisi saa moja na dakika arobaini mlinzi wa geti kule Dodoma aliinusa bahasha yangu ya vyeti akaniuliza kama nauza wali. Ndani, wakaniuliza juu ya ushindani na ucheleweshaji, nikawaeleza habari za Kimamba, na mmoja wao akaacha kuandika ili asikilize. Ya Ruhembe hayakuzungumzwa tena nyumbani.

Lakini jioni ile nilikuwa sijui lolote kati ya hayo. Nililichukua begi langu nikaenda kusimama kwenye jukwaa la stesheni ya zamani, peke yangu, wakati wengine wote bado wameketi kwenye benchi wanaangalia sufuria. Mwalimu alinipigia kelele kwamba nimewahi mno, wali haujakauka. Sikurudi. Jua lilizama nyuma ya milima. Harufu ya wali ilipoanza kunifikia, taa ya treni ikatokea upande wa Kimamba, polepole, bila haraka yoyote.

Ilisimama. Behewa lililosimama mbele yangu lilikuwa limejaa watu na magunia, na lililofuata, ukilitazama kwa mbali, lilionekana lina nafasi. Sikulitazama mara ya pili. Nikashika chuma cha mlango nikapanda, na shangazi akanipitishia wali dirishani, unafuka moshi.